Nikitoa Camry yetu kabla ya Desemba kuisha, kodi itapungua kwa kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mimi na mume wangu ni Wakenya, tunaishi Fort Worth, Texas. Tumenunua gari jingine, na Toyota Camry yetu ya 2009 imekaa tu nje ya nyumba. Injini ni nzima lakini giaboksi imeanza kugonga. Redioni nasikia kila asubuhi kwamba nikilitoa gari kwa shirika la hisani kabla ya 31 Desemba nitapata nafuu kamili ya kodi, na watakuja kulichukua bure. Nimeangalia Kelley Blue Book, kile kitabu cha bei za magari, nikaona dola 4,800. Je, hizo dola 4,800 zinatoka kwenye kodi yetu? Mapato yetu sote wawili mwaka huu wa 2025 ni kama dola 98,000. Riba ya mkopo wa nyumba ni 11,000, kodi ya nyumba (ile ya serikali, si pango) 6,200, na kanisani tunatoa kama 5,500. Shemeji yangu naye anasema tusiwape Wamarekani, tulisafirishe gari hadi Kenya tulitoe kwa zahanati ya kijijini kwetu. Nifanye nini? Mama Neema.

JIBU: Mama Neema, nianze na jibu lenyewe kwa kuwa mwezi unayoyoma. Kwa hesabu ulizonipa, kulitoa gari hilo mwaka huu hakutawapunguzia kodi hata dola moja. Sisemi usilitoe. Nasema ukilitoa, ulitoe kwa kuwa kuna mtu unataka kumsaidia, na umchague huyo kwa utulivu, bila kukimbizwa na tarehe 31.

Tangazo la redio linaposema "nafuu ya kodi", wengi husikia kama ulivyosikia wewe, kwamba thamani ya gari inatoka kwenye kodi. Haiko hivyo. Makato ya hisani yanatolewa kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa. Ninyi, kwa mapato yenu, dola yenu ya mwisho inatozwa asilimia 12. Hata kama IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ingewakubalia dola 4,800 zote, na zote zikafanya kazi, kodi ingepungua kwa dola 576. Hapo ni kama mambo yote yangewaendea vizuri, na kwenu hayaendi, kwa sababu ya pili ambayo matangazo hayaitaji kamwe.

Serikali ya Marekani inampa kila mlipakodi kiwango cha makato ambacho hakihitaji risiti wala maelezo. Kwa mwaka 2025, baada ya sheria iliyotiwa saini Julai, mke na mume wanaojaza fomu pamoja wanapata dola 31,500. Mtu anayejaza peke yake anapata 15,750. Ama uchukue kiwango hicho, ama ukiache na uorodheshe makato yako moja moja kwenye fomu iitwayo Schedule A. Huwezi kuchukua vyote viwili, na sadaka ya gari inaingia kwa njia ya kuorodhesha tu. Sasa tuorodheshe yenu: riba ya nyumba 11,000, kodi ya nyumba 6,200, sadaka 5,500. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mnaruhusiwa kuweka kodi ya mauzo mliyolipa madukani, tuseme 1,500. Jumla ni 24,200. Ongezeni gari kwa bei ile ya Blue Book, mnafika 29,000. Bado mko chini ya 31,500 mlizopewa bila kutoa kitu. Camry itaondoka na fomu yenu ya kodi itabaki vilevile.

Kuna familia ambazo hesabu yao ni tofauti: wenye riba kubwa ya nyumba, wanaotoa fungu la kumi kamili kutoka mshahara mnono, au wanaoishi majimbo yenye kodi nzito ya mapato. Hao wakishavuka kiwango, kila dola ya sadaka inawafaa. Kwa hiyo nieleze pia jinsi thamani ya gari inavyopimwa, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia, na hata wewe utaona zile dola 4,800 zinavyoyeyuka.

Zamani mtu alikuwa akifungua kitabu cha bei, anachukua ya juu, anaiandika. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari yaliyotolewa hivyo hadi mwisho wa safari yake. Mmoja wa watoaji alikuwa na pikapu ya GMC ya 1983, akadai makato ya dola 2,400. Pikapu ilipigwa mnada kwa dola 375. Baada ya gharama za kampuni iliyoendesha mchango na za matangazo kuondolewa, zilibaki 63. Kampuni ikachukua nusu, shirika la hisani likapata nusu: dola 31 na senti 50. Mtoaji alipunguza mapato yake kwa 2,400, na waliokusudiwa kusaidiwa wakapata fedha ambayo haijazi kikapu cha sokoni. Ukaguzi huo uliwafanya wabunge waibane sheria mwaka 2004, na tangu Januari 2005 kanuni ni hii: ukidai zaidi ya dola 500 kwa gari, na shirika likaliuza kama lilivyo, makato yako hayazidi bei ambayo gari liliuzwa. Bei ya kitabu haina kazi tena. Camry ya 2009 yenye giaboksi inayogonga, ikipelekwa mnadani ambako wanunuzi hawaruhusiwi hata kuiendesha kwanza, inaweza kwenda kwa 900 au 1,100. Hiyo ndiyo namba utakayoandika.

Ikiuzwa kwa dola 500 au chini ya hapo, unaruhusiwa kudai thamani halisi ya gari siku uliyolitoa, lakini isizidi 500. Ndiyo maana matangazo mengine husema "makato ya angalau dola 500". Ni kweli, mradi gari lenyewe lina thamani hiyo na wewe unaorodhesha makato.

Uthibitisho wa haya yote ni karatasi moja, Fomu 1098-C, ambayo shirika linapaswa kukuletea ndani ya siku 30 tangu gari liuzwe. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha 4c. Hapo pameandikwa bei gari lilipouzwa, kabla ya kukata gharama za kulivuta na za mnada. Nimekaa na watu waliokuja ofisini wakiwa na karatasi ya Blue Book iliyochapwa kwa rangi, na 1098-C imekunjwa kwenye bahasha hawajaifungua. Tunafungua pamoja, 4c inasema 700. Mtu anakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu aliahidiwa jambo jingine. Lakini nakala ya fomu hiyo inapelekwa IRS pia. Mtayarishaji kodi anayekuambia "acha nitaandika 4,800, hawataangalia" anakutega: faini ya kupunguza kodi kwa uzembe ni asilimia 20 ya kiasi kilichopungua, juu ya kodi yenyewe na riba, na anayedaiwa ni wewe uliyetia sahihi. Ukikutana na mtayarishaji wa namna hiyo, au asiyetaka kuweka jina lake na namba yake ya PTIN (ya utambulisho wa watayarishaji kodi) kwenye fomu, chukua karatasi zako uondoke.

Ipo milango ambayo bei kamili ya soko inakubalika. Wa kwanza ni pale shirika linapolitumia gari lenyewe kwa kazi yake, na matumizi yawe ya maana. Mfano ambao IRS wenyewe wanautoa ni gari linalopeleka chakula kwa wenye shida kila siku kwa mwaka mzima, au kwa maili 10,000 ndani ya mwaka. Kulitumia mara mbili tatu kisha kuliuza hakuhesabiki. Wa pili ni pale shirika linapolifanyia matengenezo makubwa yanayoongeza thamani yake. Kuliosha na kulipiga rangi si matengenezo makubwa. Wa tatu ndio ninaoupenda: shirika linapompa gari mtu mwenye shida, au kumuuzia kwa bei ya chini sana, kwa sababu kazi ya shirika hilo ni kuwasaidia watu wasio na usafiri. Hapa Texas wamefika wakimbizi wengi kwa miaka mingi, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo, na kwa familia mpya mjini, ambako basi halifiki kiwandani, gari bovu lililotengenezwa ndilo linaloamua kama baba atapata kazi au hatapata. Yapo makanisa na mashirika ya kupokea wakimbizi yanayogawa magari kwa njia hiyo. Pigeni simu muulize swali moja: "Mtaligawa au mtaliuza?" Wakisema wataligawa, watalithibitisha kwa maandishi kwenye kisanduku cha 5b. Hata hapo bei unayoruhusiwa ni ile ambayo mtu binafsi angemuuzia mwenzake gari katika hali hiyo, pamoja na giaboksi yake. Bei ya muuza magari haitumiki.

Sasa nikupe maoni yangu kama mtu aliyeombwa ushauri. Gari linalowaka na kutembea, mwenye gari akiliuza mwenyewe hupata zaidi ya mnada. Fundi, au kijana anayejua kufungua giaboksi, atalinunua kwa bei ya kueleweka, tuseme 2,500. Kwa kuwa mnaliuza chini ya bei mliyolinunulia na lilikuwa gari lenu la nyumbani, hakuna kodi kwenye mauzo hayo. Baada ya hapo mnazo 2,500 mkononi na mnaweza kumpa mnayemtaka, zote zimfikie. Linganisheni na 31 na senti 50 za ile pikapu. Kama nia ni kusaidia, njia hii inasaidia zaidi, na sielewi kwa nini watu hawaambiwi. Gari lisilotembea, au ambalo hamna muda wa kukaa na wanunuzi wanaokuja kulipiga teke matairi na kuondoka, hilo nakubali livutwe na shirika. Halina njia nyingine nzuri.

Jambo moja niulize kabla sijaendelea: mume wako, au wewe, mliwahi kuliendeshea Uber au kulitumia kwenye biashara? Kama ndiyo, na mlidai gharama za maili au uchakavu, basi sehemu ya thamani yake mlishaikata kodi miaka iliyopita, na hesabu ya kuuza na ya kutoa zote zinabadilika. Niletee fomu za miaka hiyo kabla hamjafanya lolote.

Kuhusu shemeji, moyo wake ni mzuri, lakini gari hili halitafika. Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na gari lililotumika haliingii likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Camry ya Marekani ya 2009 imeshindwa masharti yote mawili. Mtalipa meli hadi Mombasa, kisha litakaa bandarini likila gharama za kuhifadhiwa. Hata lingeingia, sadaka inayotolewa moja kwa moja kwa zahanati ya Kenya haikatwi kodi Marekani. Sheria inataka mpokeaji awe shirika lililoundwa hapa. Vilevile kumpa gari binamu aliye na shida, hata kama shida ni ya kweli na anaishi mtaa wa pili, ni wema mkubwa ambao kodi haiutambui. Mkitaka kuisaidia zahanati, uzeni gari mtume fedha. Kama kuna shirika lililosajiliwa Marekani linaloendesha miradi ya afya Kenya na lenyewe ndilo linaloamua fedha ziende wapi, mchango kwa shirika hilo unakubalika. Lakini kwa kuwa kwenu makato hayana athari mwaka huu, msiliruhusu suala la kodi liwazuie kutuma nyumbani moja kwa moja.

Ikiwa baada ya yote mmeamua kulitoa kwa shirika, kwanza tafuteni jina lake kwenye tovuti ya IRS, sehemu ya kutafuta mashirika yasiyolipa kodi. Jina la redioni huenda ni la kampuni ya kukusanya magari tu; ulizeni shirika lenyewe ni lipi na linapata kiasi gani kwa kila gari. Makanisa na misikiti huenda yasionekane kwenye orodha hiyo na bado yanakubalika.

Kuwe na taitoli (hati ya umiliki wa gari) mkononi, isiyo na deni la benki, na mahali pa mnunuzi mwandike jina la shirika ninyi wenyewe. Msikubali kumpa dereva wa gari la kuvuta taitoli iliyotiwa sahihi ikiwa wazi. Taitoli ya wazi inaweza kupita mikono mitatu kabla ya mtu kuisajili, na muda wote huo gari ni lako: likiegeshwa vibaya, likigonga mtu, barua inakuja kwako. Ng'oeni namba za gari, bandueni na kibandiko cha TollTag (cha kulipia barabara) kiooni, kisha siku hiyohiyo mjaze taarifa ya kuhamisha gari kwenye tovuti ya idara ya magari ya Texas. Inachukua dakika chache. Pigeni picha taitoli pande zote mbili na gari lenyewe likiwa juu ya lori, na bima muikate baada ya taarifa hiyo kupokelewa, si kabla.

Tarehe inayohesabika ni siku mnayolikabidhi gari. Likichukuliwa 30 Desemba 2025 na kuuzwa Februari, ni sadaka ya 2025. Mkipiga simu 30 Desemba na lori likaja 5 Januari, ni ya 2026. Kwa wanaoorodhesha makato, tofauti hiyo ina uzito mwaka huu, kwa sababu kuanzia 2026 sehemu ya kwanza ya sadaka, sawa na asilimia 0.5 ya mapato, haitahesabiwa. Na kama Aprili imefika na 1098-C haijaja, msidai kwa kukisia. Ombeni muda zaidi kwa Fomu 4868, au wasilisheni bila gari kisha mrekebishe kwa 1040-X fomu ikipatikana.

Umeniuliza kuhusu gari tu, lakini fedha yenu iko kwingine. Kuanzia Januari 2026, hata wasioorodhesha makato wataruhusiwa kukata sadaka walizotoa kwa fedha, hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja na 2,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja. Vitu havimo, kwa hiyo gari halimo. Sadaka za kanisani zimo. Ninyi mnatoa 5,500 kwa mwaka, maana yake mtaijaza nafasi hiyo bila kuongeza senti: 2,000 kwa asilimia 12 ni dola 240 kila mwaka, na Camry inabaki yenu kuiuza au kuitoa mnavyotaka.

Ila nafasi hiyo ina masharti ya karatasi. Noti inayowekwa kwenye kapu la sadaka bila bahasha yenye jina haitambuliki. Toeni kwa hundi, kwa benki au kwa njia ya simu inayoacha kumbukumbu, na kwa kila mchango wa dola 250 au zaidi mhitaji barua ya kanisa yenye tarehe, kiasi, na sentensi inayosema kwamba hamkupokea kitu kingine isipokuwa baraka za kiroho. Bila sentensi hiyo barua inaweza kukataliwa. Mhazini wa kanisa lenu huenda hajui, kwa hiyo mwoneni Jumapili moja mwezi huu mumweleze, ili daftari la 2026 lianze na majina yenu tangu wiki ya kwanza.